Gesi Asilia Kama Nishati ya Magari: Inafaa Gari Lipi, na kwa Muda Gani?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wamiliki wa vyombo vya usafiri, mafundi wa magari na wanafunzi wa uhandisi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Michoro iliyoonyeshwa ukumbini imeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wamiliki wa magari ya abiria na ya mizigo, ndugu zangu mafundi, vijana wetu wanafunzi, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa gesi asilia katika magari, na nimeambiwa kwamba wengi wenu mmekuja na swali moja tu mfukoni: je, nilifungie gari langu mfumo wa gesi au niache? Sitawazungusha. Gesi asilia inalifaa sana gari linalotembea kutwa na kurudi kulala mahali pale pale. Inalisumbua gari linalotembea kidogo na kwenda popote. Hilo ndilo jibu langu, na muda uliobaki nitautumia kulitetea. Nitaongeza jambo moja ambalo wauzaji wa mifumo hii hawapendi kulisema: katika nchi ambazo gesi ya magari ilistawi, na katika nchi ambazo ilikufa, injini ilikuwa ni ile ile. Kilichotofautiana ni kituo, kodi na bomba.

Tuanze na gesi yenyewe, kwa sababu asiyeijua tabia yake hawezi kuipangia kazi. Sehemu kubwa ya gesi asilia ni methani, ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na atomu nne za haidrojeni. Kwa kuwa kaboni yake ni chache, ikiungua hutoa hewa ukaa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko petroli, na pungufu kwa karibu robo kuliko dizeli, kwa kiasi kile kile cha joto. Masizi yake ni kidogo mno. Kiwango chake cha oktani kinazidi 120, ilhali petroli ya kawaida iko kati ya 90 na 98, maana yake ni kwamba inaweza kukandamizwa sana ndani ya silinda ya injini bila kugonga. Kilo moja ya gesi hii inabeba nishati inayokaribiana na ya lita moja na nusu ya petroli. Mpaka hapo, ndugu zangu, nani angeikataa?

Shida ni kwamba ni gesi. Kilo hiyo moja, ikiachwa katika hali ya kawaida ya hewa, inajaza nafasi ya lita 1,400 hivi. Utaibebaje? Watu wa Ulaya waliwahi kulijibu swali hilo kwa namna ambayo leo inachekesha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na tena wakati wa ile ya Pili, petroli ilipokuwa adimu, mabasi na magari ya Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani yalifungiwa mifuko mikubwa juu ya paa, ikajazwa gesi ya mjini iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, na yakaenda barabarani yakiwa na furushi linaloyumba kwa upepo na kunywea kadiri safari ilivyoendelea. Basi lenye mfuko mkubwa kuliko paa lake lilikwenda masafa mafupi tu kabla ya kuhitaji kujazwa tena, na dereva alipaswa kuyaogopa madaraja ya chini. Vita ilipokwisha na petroli ikarudi, mifuko ile ikatupwa. Hakuna aliyeililia.

Italia ilikwenda njia nyingine. Tangu miaka ya 1930, katika bonde la mto Po ambako gesi ilipatikana ardhini, Waitalia walianza kuishindilia methani ndani ya mitungi ya chuma, na kazi hiyo hawajaiacha hadi leo. Mtungi wa gari la sasa hushindiliwa gesi kwa shinikizo la mara 200 au zaidi ya lile la hewa tunayovuta. Hiyo ndiyo gesi ambayo vituoni huitwa CNG. Hata hivyo, pamoja na kushindiliwa kote huko, lita moja ya nafasi ndani ya mtungi inabeba takribani robo ya nishati iliyomo katika lita moja ya petroli. Mtungi wa lita 60 unabeba kilo 10 hivi za gesi, yaani sawa na lita 15 za petroli, na mtungi wenyewe ukiwa wa chuma una uzito wa kilo 60 hivi. Ipo mitungi myepesi, ya plastiki iliyozungushiwa nyuzi za kaboni, ambayo shinikizo inalivumilia vizuri kabisa. Ila bei yake nayo inataka uvumilivu. Mwenye gari dogo, basi, analipia gesi kwa kutoa nafasi ya buti lake, na mwenye basi analipia kwa kubeba mitungi kwenye paa au chini ya sakafu. Basi lina paa refu. Gari dogo halina.

Najua swali linalofuata, kwa sababu linaulizwa kila mahali: je, mtungi huo hautalipuka?

Nitalijibu kwa kisa cha huzuni ambacho hakikuhusu gari. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas, gesi asilia ilivuja chini ya sakafu ya shule. Gesi asilia kwa asili yake haina rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyeihisi. Cheche ikatokea, na karibu watu 300, wengi wao watoto, wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo sheria ikaanza kulazimisha gesi itiwe kemikali yenye harufu kali, na ndiyo sababu leo ukivuja mrija wa gesi pua yako inakuwa ya kwanza kujua. Ninawakumbusha kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali hatari ilipo. Methani ni nyepesi, uzito wake ukiwa karibu nusu ya uzito wa hewa; ikivuja mahali pa wazi inapaa na kutawanyika. Haishiki moto mpaka iwe kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyoizunguka, na inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 500 ili iwake yenyewe, ambalo ni joto kubwa kuliko linalohitajiwa na petroli. Ikifungiwa ndani, habari inabadilika. Gereji yenye paa lililozibwa, isiyo na tundu la juu la kutolea hewa, haifai kulazwa gari la gesi, na ninawaomba wenye karakana waliandike hilo ukutani.

Ndugu mafundi, hapa ninasema nanyi. Mtungi wa gesi ya kupikia, ile ya propani na butani, haukuundwa kubeba gesi asilia iliyoshindiliwa. Gesi hiyo ya kupikia hugeuka kimiminika kwa shinikizo dogo, na mtungi wake umeundwa kwa shinikizo hilo dogo. Ukiushindilia methani kwa mara 200 unatengeneza bomu na kumkabidhi mteja risiti. Isitoshe, gesi ile ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, kwa hiyo hata kanuni za karakana yake ni tofauti. Mtungi halali wa CNG umegongwa tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kupimwa, na mwaka wa mwisho wa matumizi, ambao kwa kawaida ni baada ya miaka 15 hadi 20. Una valvu ya usalama yenye kizibo kinachoyeyuka joto likifika nyuzi 110 hivi, ili moto ukitokea gesi itoke kwa mpangilio badala ya kuupasua mtungi. Viwango vya kimataifa vipo, ISO 11439 kwa mitungi na kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 110 kwa magari. Ajali nyingi za mitungi huwa zina historia ya mtungi uliookotwa, uliochomelewa au ambao haujapimwa kwa miaka. Mafuta hayana kosa hapo.

Kuhusu injini sitakaa sana. Injini ya petroli iliyofungiwa mfumo wa gesi hupoteza nguvu kidogo, kama sehemu moja ya kumi hivi, kwa sababu gesi inayoingia inachukua nafasi ya hewa. Plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwashia, zinahitaji uangalizi zaidi, na viti vya valvu huweza kulika mapema kwa sababu gesi ni kavu. Injini iliyoundwa tangu kiwandani kwa ajili ya gesi, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, hurudisha nguvu hiyo. Injini ya dizeli haina plagi, na methani haiwaki kwa kukandamizwa tu. Kwa hiyo ama itiwe plagi, ama iendelee kusindikizwa na dizeli kidogo ya kuwashia. Haya yote fundi mwenye mafunzo anayamudu. Nilisema tangu mwanzo kwamba injini haijawahi kuwa kikwazo.

Sasa tuje kwenye kikwazo.

Mwaka 1979 Nyuzilandi ilikuwa na kila sababu ya kupenda gesi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya muongo mmoja, mara ya kwanza mwaka 1973 na mara ya pili mwaka huo huo wa 1979, na nchi hiyo ilikuwa na kisima kikubwa cha gesi baharini kiitwacho Maui. Serikali ikaanzisha mpango: ruzuku kwa wanaobadilisha magari, mikopo nafuu, msaada kwa wanaojenga vituo. Watu wakaitika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari 100,000 yalikuwa yakitumia gesi, karibu gari moja katika kila kumi. Kisha serikali ikabadilika, sera ya uchumi ikabadilika, na misaada ikaondolewa mwaka 1985. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Nani aliendelea kubadilisha gari? Hakuna. Wateja walipopungua, vituo vikafungwa. Vituo vilipofungwa, hata aliyekuwa na mtungi mzima na gari zima akarudi kwenye petroli. Si miaka mingi baadaye gari la gesi lilikuwa limekuwa kumbukumbu katika nchi hiyo. Na gesi ya Maui? Iliendelea kutoka kama kawaida. Kisima hakikukauka. Injini hazikuharibika. Kilichokauka ni imani ya mwenye gari kwamba kesho atapata pa kujazia.

Linganisheni na Ajentina, iliyoanza mwaka 1984, yaani wakati ule ule Nyuzilandi ilipokuwa inakaribia kuacha. Ajentina haikumwaga fedha nyingi kwa kila anayebadilisha gari. Ilichofanya ni kuitoza petroli kodi nzito na kuiacha gesi ikiwa nafuu kwa tofauti kubwa, mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba dereva wa teksi wa Buenos Aires aliweza kukaa na kalamu na kujua gharama za mtungi zitarudi lini. Madereva wa teksi ndio waliotangulia. Vituo vikajengwa wanakopita. Wenye magari binafsi wakafuata vituo. Nchi hiyo imepitia misukosuko ya uchumi ambayo ingetosha kuua mradi wowote, na bado magari ya gesi yakazidi milioni moja na nusu. Kilichowadumisha ni tofauti ya bei kwenye pampu, ambayo haikuhitaji kampeni wala hotuba kama hii yangu.

Kwa nini teksi hutangulia? Chukueni mfano wa kubuni, hesabu ya darasani. Tuseme gharama ya kufunga mfumo inarudi baada ya kilomita 40,000. Teksi inayotembea kilomita 200 kwa siku itazimaliza kwa siku 200, yaani kabla mwaka haujaisha. Gari la mfanyakazi linalotembea kilomita 30 kwenda kazini na kurudi litahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu, hata likitembea kila siku bila kupumzika, na katika muda huo lolote linaweza kubadilika: kodi, bei, au mwenye gari mwenyewe kuliuza. Mtungi ule ule, fundi yule yule, faida tofauti kabisa. Anayewaambia watu wote kwamba gesi inaokoa fedha hajawauliza wanatembea kilomita ngapi.

Kituo nacho kina hesabu yake. Pampu ya petroli inahitaji tangi ardhini na lori la kuleta mafuta. Kituo cha gesi kinahitaji bomba, au malori maalumu ya kubeba mitungi kutoka kituo mama, yaani kile kilichounganishwa na bomba. Kinahitaji kompresa kubwa, yaani mashine ya kuishindilia gesi, na kompresa inahitaji umeme wa uhakika. Umeme ukikatika, foleni inasimama. Mwekezaji hawezi kuweka mtambo wa namna hiyo kungoja magari yaje, na mwenye gari hawezi kununua mtungi kungoja kituo kijengwe. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Anayeweza kuwaondoa hapo ni mwenye magari mengi yanayolala yadi moja: kampuni ya mabasi, ya kuzoa taka, ya kusambaza mizigo mjini. Huyo anajua kabla hata ya kuanza kwamba kompresa yake itauza kilo ngapi kila usiku.

Na akisitasita, je? Delhi ilionyesha njia ya pili, ambayo ni amri. Mwaka 1985 wakili M. C. Mehta alifungua shauri katika Mahakama Kuu Kabisa ya India kuhusu uchafuzi wa hewa ya mji huo. Tarehe 28 Julai 1998 mahakama ikaamuru kwamba mabasi yote ya mji yaendeshwe kwa CNG kufikia tarehe 31 Machi 2001. Tarehe ikafika, mabasi mengi yakawa bado ni ya dizeli, vituo havikutosha, foleni za magari zikawa ndefu na abiria wakakwama. Wengi walidhani mahakama ingelegea. Iliongeza muda, lakini iliwatoza faini wenye mabasi ya dizeli yaliyoendelea kutembea, na kufikia mwisho wa mwaka 2002 mabasi ya dizeli ya mjini yalikuwa yameondolewa. Moshi mweusi uliokuwa ukifuata kila basi ukatoweka.

Je, hewa ya Delhi leo ni safi? Kila anayefuatilia habari anajua kuwa si safi. Magari binafsi yaliongezeka kupita kiasi, vumbi la ujenzi likaongezeka, mabua ya mashamba ya majimbo jirani yanaendelea kuchomwa kila mwisho wa msimu wa mavuno. Wapo wanaoichukua hali hiyo kama ushahidi kwamba gesi ilishindwa. Mimi siafiki. Basi la gesi liliondoa moshi wa basi, na hiyo ndiyo kazi liliyopewa; kulidai lisafishe vumbi la saruji na moshi wa mabua ni kulionea. Ninachokichukua Delhi ni kwamba amri ilifanikiwa kwa sababu iliwabana wenye magari na wenye vituo kwa wakati mmoja, na haikugeuka nyuma.

Kuna kisa kingine, na hiki ndicho ninachotaka wapangaji wa sera wakisikilize kwa makini zaidi. Pakistani ina kisima cha gesi cha Sui, kilichogunduliwa mwaka 1952, na mtandao wa mabomba uliotandazwa kwa miongo mingi. Kufikia mwaka 2010 hivi ilikuwa mbele kabisa duniani kwa magari ya gesi: zaidi ya milioni mbili, na vituo zaidi ya 3,000. Vituo vilikuwepo. Mafundi walikuwepo. Tofauti ya bei ilikuwepo. Kilichokosekana ni gesi. Visima vilikuwa vinapungua, huku mitambo ya umeme, viwanda vya mbolea na majiko ya nyumbani vikiitaka gesi ile ile, na majira ya baridi yalipofika kila nyumba ikaitaka kwa ajili ya joto. Serikali ililazimika kuchagua nani anyimwe, na kati ya mwenye kiwanda, mama wa nyumbani na dereva, mwenye tangi la pili la petroli ni dereva. Akanyimwa yeye. Vituo vikafungwa siku kadhaa kwa wiki, foleni zikalala barabarani, na waliotumia fedha zao kununua mitungi wakajikuta wanaibeba mitupu.

Nawaulizeni, basi: katika nchi yoyote inayotaka kuhamasisha gesi ya magari, nani ameandika kwenye karatasi kwamba siku ya upungufu gari halitakuwa la kwanza kukatiwa? Bila karatasi hiyo, takwimu za akiba iliyoko ardhini hazimsaidii dereva. Gesi iliyoko ardhini na gesi iliyoko kwenye pampu ni vitu viwili.

Sasa niseme juu ya mazingira, na hapa sitawafurahisha marafiki zangu wa sekta ya gesi. Ile faida ya moja ya tano ninayoitaja ni ya gesi iliyoungua. Gesi iliyovuja kabla ya kuungua ni jambo jingine, kwa sababu methani yenyewe hunasa joto la dunia karibu mara 30 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule ikipimwa kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ikipimwa kwa miaka 20. Wanafunzi mnaweza kuifanya hesabu hii wenyewe: tukilinganisha na moshi wa petroli peke yake, uvujaji wa asilimia 2 hivi, kuanzia kisimani hadi kwenye ekzosi, unameza karibu faida yote kwa kipimo cha miaka 100, na kwa kipimo cha miaka 20 uvujaji haufiki hata asilimia moja kabla faida haijaisha. Kwa afya ya mtu anayesimama kituoni akivuta moshi wa mabasi, gesi inabaki kuwa nafuu kubwa. Kwa tabianchi, yote yanategemea viungo vya mabomba, na viungo vya mabomba havitazamwi na mtu mpaka vilipuke.

Halafu kuna umeme. Siwezi kuzungumzia mustakabali nikauruka, maana mwaka 2024 pekee yaliuzwa magari ya umeme yapatayo milioni 17 duniani, pamoja na yale ya mseto yanayochajiwa, zaidi ya gari moja katika kila matano mapya. Tuchukue vipimo 100 vya gesi. Ukivichoma katika injini ya gari, karibu 25 vinafika kwenye magurudumu, na vingine vinapotea kama joto. Ukivipeleka katika mtambo wa kisasa wa umeme unaotumia gesi, unapata umeme wa vipimo 55 hivi; nyaya zinakula kidogo, chaji na betri vinakula kidogo, na bado takribani 40 vinafika kwenye magurudumu ya gari la umeme. Gesi ile ile, mwendo mkubwa zaidi. Watengenezaji wa magari madogo wameisoma hesabu hii: Honda iliacha kuuza Marekani Civic yake ya gesi mwaka 2015, na Volkswagen ilitangaza mwaka 2020 kwamba haitaunda tena magari mapya ya gesi. Kwa maoni yangu, gari dogo la gesi la mtu binafsi, lililonunuliwa jipya kwa matumaini ya miaka 20 ijayo, limeshapitwa pale ambapo umeme ni wa uhakika na chaja zipo.

Lakini si kila mahali pana chaja, na si kila chombo ni gari dogo. Mwezi Julai 2024 kampuni ya Bajaj ya India ilizindua pikipiki ya kwanza duniani inayouzwa ikiwa na mfumo wa gesi kutoka kiwandani, yenye mtungi wa kilo 2 chini ya kiti na tangi dogo la petroli la lita 2 kwa dharura. Nilipoisoma habari hiyo nilidhani ni mzaha, kisha nikaona mantiki yake: mwendesha pikipiki anayezunguka kutwa nzima ni yule yule mwenye teksi wa Buenos Aires, kwa magurudumu pungufu.

Upande wa pili wako wenye malori ya masafa marefu. Hao mtungi wa CNG hauwatoshi, kwa hiyo gesi hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikageuka kimiminika na kujikunja kuwa moja ya 600 ya ujazo wake. China imejenga barabara kuu zenye vituo vya gesi hiyo, na malori yake mapya yanayoitumia yamekuwa mengi kiasi cha kupunguza mahitaji ya dizeli. Tangi lake ni la kuta mbili, na hata hivyo joto hupenya polepole, gesi ikaanza kuvukizwa. Lori likiegeshwa siku nyingi linapoteza mafuta yake hewani. Mnaona jinsi tunavyorudi pale pale? Gesi inalipenda gari lisilopumzika.

Na ipo njia moja ya kuongeza maisha ya gari la gesi hata pale ambapo kisima kimekwisha. Uswidi, katika mji wa Linköping, mabasi ya mji yanaendeshwa kwa methani inayotokana na mabaki ya machinjio na taka za chakula zilizovundikwa kwenye matangi yasiyopitisha hewa, kisha ikasafishwa. Molekuli ni ile ile, mtungi ni ule ule, injini haijui tofauti. Katika nchi hiyo sehemu kubwa kabisa ya gesi inayouzwa kwa magari ni ya namna hii. Taka za mji hazitoshi kuendesha magari yote ya mji; wala tusidanganyane. Zinatosha mabasi na magari ya kuzoa taka zenyewe, na hayo ndiyo magari ninayoyatetea tangu nilipoanza kusema.

Kwa hiyo, wenye magari, kabla hamjasaini, mwulizeni muuzaji wa mfumo mtungi umegongwa mwaka gani na nani ataupima. Mwulizeni mwenye kituo gesi yake inatoka kwenye bomba la nani, na mkataba wake na mwenye bomba una miaka mingapi. Mwulizeni mwenye mamlaka ya kodi, kwa maandishi, kama tofauti ya kodi kati ya gesi na petroli itabaki hadi mtakapomaliza kulipa mkopo. Na tangi la petroli msiling'oe, hata fundi akiwaambia mtapata nafasi zaidi ya mizigo.

Nimemaliza upande wangu. Mwenyekiti akiridhia, ningependa maswali yaanze na mafundi.